Dozi ya Jirani Si Dozi Yake: Ya Kufanya na ya Kuacha Katika Tiba ya Akili

Haya ni kwa daktari, tabibu na muuguzi anayehudumia wagonjwa wa akili, awe Mirembe pale Dodoma, Mathari pale Nairobi, au zahanati yenye chumba kimoja. Ndugu wa mgonjwa nao wayasome, maana wao ndio wanaobaki naye usiku.

Usiandike dawa kabla hujamsikiliza mgonjwa mwenyewe. Aliyemleta ana habari zake, zichukue, kisha mwombe atoke nje. Mke anayepigwa hawezi kutaja kinachomnyima usingizi mbele ya anayempiga. Kama hamwelewani lugha, tafuta mkalimani, na asiwe mtoto wake.

Pima mwili kwanza. Tezi ya shingo iliyolegea humfanya mtu awe mzito na akose hamu ya kila kitu. Kaswende na VVU huweza kumvuruga akili. Aliyechanganyikiwa ghafla huku ana homa ni mgonjwa wa dharura, si wa kupangiwa kliniki ya Jumanne.

Anza na dozi ndogo, panda taratibu. Miili haivunji dawa kwa kasi moja. Jeni ya CYP2D6, inayohusika na haloperidoli na amitriptilini, hutofautiana sana hata humu Afrika: Ethiopia wako wengi wanaoimaliza dawa upesi mno, na Tanzania wako wenye aina inayoivunja polepole. Kipimo chake huna, lakini macho unayo. Mgonjwa aliyekakamaa shingo na macho kupanda juu baada ya sindano hajapandisha pepo wala hafanyi ukaidi. Ni dawa uliyompa wewe. Mtibu hapo hapo, upange upya.

Usimpe valproeti msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba kwa sababu tu ndiyo iliyobaki stoo. Hudhuru uti wa mgongo na akili ya mtoto tumboni. Kabamazepini nayo hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti. Muulize anatumia njia gani. Haya yako isimgharimu yeye.

Uliza kuhusu funga kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Anayetumia lithiamu akashinda bila maji katika joto la Mombasa au Unguja, dawa humpanda kwenye damu, na kati ya kiwango kinachotibu na kinachodhuru nafasi ni ndogo. Usingoje akuulize. Wengi hawaulizi, huacha dawa kimyakimya, na ugonjwa huwarudia wakati wengine wanashona nguo za Idi. Kaa naye mpange saa za dawa na siku ya kupima damu. Ikiwa kufunga ni hatari kwake, mwambie waziwazi, na umshirikishe shehe anayemwamini, kwani dini yenyewe imemruhusu mgonjwa kula. Mwonye pia juu ya diklofenaki na ibuprofeni anazonunua dukani: nazo huipandisha lithiamu.

Usimpe amitriptilini ya mwezi mzima mtu aliyekwambia anataka kufa. Mpe ya siku chache, na mkubaliane ni ndugu gani ataitunza. Na usimtishie kwa polisi.

Usimwandikie dereva wa bodaboda klopromazini ya asubuhi: humsinzisha.

Usimkemee aliyepitia kwa mganga au kwenye maombi. Ukimkemea, kesho atakuficha, nawe unahitaji kujua amekunywa dawa gani za miti shamba. Lakini minyororo usiikubali hata siku moja, iwe ya mganga, ya kanisani au ya nyumbani kwao.

Uliza nauli. Anayekopa ili afike kliniki hatakuja kila wiki hata umgombeze vipi. Huenda sindano ya mwezi ikamfaa kuliko vidonge, akikubali.

Usibadilishe fluoksetini siku ya kumi kwa kuwa bado hajachangamka. Huchukua wiki kadhaa, na hilo aambiwe siku ya kwanza. Siku hiyo hiyo muulize ni kitu gani anataka kukifanya tena akipona, ukiandike kwenye faili lake. Kama ni kurudi kwenye cherehani, akirudi kliniki muulize ameshona nini. Akijibu hajashona, usiridhike na alama za fomu ya dalili zilizoshuka: rudi kwenye dozi, usingizi wake na hali ya nyumbani, uulize upya.