Kuharisha kwa Muda Mrefu: Huenda Chanzo ni Nyongo

Mtu anayeharisha kwa wiki kadhaa mara nyingi hukimbilia duka la dawa kununua metronidazoli au antibiotiki nyingine. Iwapo chanzo ni nyongo wala si vimelea, dawa hizo hazitaondoa tatizo. Zitamgharimu fedha na kuchangia usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Nyongo hufanya kazi gani?

Nyongo hutengenezwa na ini na kuhifadhiwa katika kifuko chake. Mtu anapokula chakula chenye mafuta, kama wali wa nazi au samaki wa kukaanga tunaowazoea Kilwa na mwambao wote wa Lindi, nyongo humiminwa katika utumbo mwembamba. Chumvi zilizomo huyagawa mafuta kuwa matone madogo yanayosagika kwa urahisi. Kisha takriban asilimia 95 ya chumvi hizo hufyonzwa, hasa mwishoni mwa utumbo huo, na kurejea kwenye ini.

Zinapozidi katika utumbo mpana

Chumvi hizo zikipita kwa wingi hadi utumbo mpana, kuta zake hutoa maji na misuli yake husukuma kwa kasi. Choo huwa chepesi na haja huja ghafla. Hali hii huweza kumpata mtu aliyeondolewa kifuko cha nyongo au sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba.

Mtumiaji afanye nini?

• Kunywa maji yaliyochanganywa na ORS ili kurudisha maji na chumvi zilizopotea mwilini.

• Ukiharisha zaidi ya wiki mbili, nenda kituo cha afya. Ikibidi, utapewa rufaa, kwa mfano kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, Lindi. Mweleze mtoa huduma upasuaji uliowahi kufanyiwa na dawa zote unazotumia, zikiwamo za asili.

• Usinunue antibiotiki bila cheti cha daktari.

• Usitumie loperamaidi, dawa ya kuzuia kuharisha, ukiwa na homa au choo chenye damu, wala usimpe mtoto mdogo.

• Ukiandikiwa kolestiramini, ambayo hunasa chumvi za nyongo, kumbuka kuwa hunasa pia dawa nyingine. Meza dawa hizo saa 1 kabla yake, au saa 4 hadi 6 baada yake.

Usisubiri wiki mbili iwapo unaharisha maji mengi kwa ghafla, unatoa damu, au macho yamekuwa ya manjano. Wahi kituo cha afya siku hiyohiyo.