Safu ya Afya: Kasiksi inaharibikia wapi?

Swali: “Ninatengeneza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hapa Butembo. Siku hizi, siku ya pili tu inakuwa kali kama siki, na wateja wawili wamelalamikia tumbo. Ndizi ni zile zile. Uchafu unatoka wapi?”

Mama huyu ana matatizo mawili, si moja. Ukali ni kazi ya bakteria wanaogeuza kilevi kuwa siki. Wanapenda hewa, na husafiri na vile vijinzi vinavyozunguka maganda ya ndizi. Kasiksi hiyo inafukuza wateja, haiui. Tumbo ni jambo jingine: hapo wa kushukiwa kwanza ni maji na mikono.

Ndizi zimeiva shimoni, zikamenywa, zikakamuliwa kwa nyasi na kuchujwa. Yakaongezwa maji, ukaja unga wa mtama uliokaangwa, kisha bidoni. Katika safari yote hiyo juisi haichemshwi hata mara moja. Ni kweli kwamba uchachu unaua vijidudu vingi, kile cha kipindupindu kikiwemo, lakini unahitaji muda. Anayeongeza maji ya mto Kimemi, au ya chemchemi iliyo chini ya vyoo, kwenye kasiksi iliyokwisha kuiva ili itoshe wateja, anawanywesha maji hayo yakiwa mabichi.

Kwa ukali, mshukiwa mkubwa ni bidoni. Shingo yake haipitishi mkono, kwa hiyo wengi hutia mchanga na kutikisa. Mchanga unakwaruza plastiki, na ndani ya mikwaruzo vijidudu hujenga utando. Apitishe kidole ndani ya shingo: akihisi utelezi, bidoni hilo si safi hata kama linang’aa.

Kuthibitisha si vigumu. Achemshe chupa tatu za kioo. Ya kwanza aitie juisi iliyotoka kukamuliwa, ya pili juisi iliyotiwa maji, ya tatu ile yenye mtama. Azifunike kwa kitambaa safi na kuziweka kando ya bidoni, ili zote zipate joto lile lile, kwa kuwa penye joto juisi huchachuka haraka kuliko penye baridi. Anuse kila asubuhi, asionje. Chupa zikibaki nzuri na bidoni likageuka siki, jibu amelipata. Ikiwahi kuharibika ya kwanza, arudi kwenye nyasi, chombo cha kukamulia na mikono. Lakini pua haigundui homa ya matumbo: maji yachemshwe kwa vyovyote.

Tangu Ebola ya 2018 hadi 2020, hakuna asiyejua ndoo ya klorini. Kwa bidoni, sabuni itangulie, maana klorini huishiwa nguvu ikikutana na uchafu. Kisha lisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa. Lililopasuka, au lililowahi kubeba dawa ya shamba, litupwe.

Unga nao usisahauliwe. Januari 2015, huko Chitima, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji. Wachunguzi walikuta sumu ya bakteria waliokua katika unga wa mahindi ulioharibika, sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mtama wenye ukungu au harufu ya uvundo hauokolewi kwa kukaangwa.

Wateja wale wawili, wakiharisha maji mfululizo au homa ikidumu, waende kituo cha afya leo hii. Na ikiwa kasiksi ile ile ipo bado, isiuzwe wala isimwagwe: ahifadhi kidogo katika chupa safi, na unga uliotumika, ampe mhudumu wa afya.