Mwarobaini: Ni Dawa ya Nini, na Si Dawa ya Nini?



Mwezi huu tuutazame mti ambao hauko mbali na nyumba zetu wengi: mwarobaini. Asili yake ni Bara Hindi, nao ukaletwa pwani ya Afrika Mashariki ukaenea hadi bara. Jina lake latokana na imani kwamba unaponya magonjwa arobaini. Sijapata kumwona mtu aliyeyataja yote, lakini kuna matumizi ambayo wazee wetu hawakukosea.

Kwanza tuujue mti wenyewe. Unaye ndugu yake, mmelia, mwenye maua ya zambarau na matunda ya manjano yanayobaki mtini hata majani yakiisha kupukutika. Matunda ya mmelia ni sumu. Maua ya mwarobaini ni meupe, na vijani vyake vimejipanga pande mbili za kikonyo kimoja. Kikonyo cha mmelia hugawanyika tena na tena.

Majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, maji yakapoa, hufaa kuoshea ngozi inayowasha. Kwa upele watu wengi huyatumia, na ngozi hupata nafuu. Lakini upele huletwa na mdudu mdogo anayejichimbia ndani ya ngozi, hivyo kuoga peke yake hakutoshi. Nenda zahanati upewe dawa ya kupaka. Watu wote wa nyumba wapake siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Akipaka mtoto mmoja tu, wiki ijayo mnaanza upya.

Vijiti vyake ni mswaki mzuri. Majani makavu yakichanganywa na mahindi au maharage ghalani hupunguza wadudu, maana ndani ya mti huo, hasa katika mbegu, mna kitu kinachomzuia mdudu kula na kukua.

Sasa tuje kwenye malaria, ambako ndiko maafa yaliko. Mama huchemsha majani, humpa mtoto mwenye homa kikombe kichungu asubuhi na jioni, naye husubiri. Kesho yake homa inashuka, na mti unasifiwa. Ndugu msomaji, homa ya malaria hupanda na kushuka yenyewe hata bila dawa. Tena mtu mzima aliyekulia penye malaria nyingi mwili wake umekwisha kujifunza kiasi kupambana na vimelea. Akinywa mwarobaini akapona, huenda angepona hata kwa maji ya ndimu. Mtoto wa chini ya miaka mitano hana kinga hiyo. Asubuhi anacheza, usiku amepoteza fahamu.

Uchungu wa dawa si kipimo cha nguvu yake. Ganda chungu la mti wa kwinini lilipelekwa Ulaya na Wajesuiti kutoka Peru katika karne ya 17, lakini ni mwaka 1820 wataalamu wawili Wafaransa walipofaulu kuitenga kwinini yenyewe, ndipo dawa ikaweza kupimwa vizuri. Dawa mseto tunayotoa leo ina asili ya mmea wa Kichina, na mtaalamu aliyeongoza kazi hiyo, Tu Youyou, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa hiyo hospitali haidharau miti. Ila kikombe cha majani hakuna ajuaye kina dawa kiasi gani.

Mtoto akipata homa, apimwe damu siku hiyo hiyo au kesho yake. Akikutwa na malaria, dawa mseto ni dozi sita kwa siku tatu, pamoja na chakula, na zimalizwe hata kama amechangamka. Akipata degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya, akilegea, au viganja vikiwa vyeupe, msingoje kuche. Wapo wanaosema mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Watoto wengi waliokufa baada ya sindano walikuwa wamezungushwa kwa waganga siku mbili tatu, wakaletwa wakiwa wamechoka. Sindano ikabebeshwa lawama.

Mafuta ya mbegu za mwarobaini ni jambo jingine kabisa. Yasinyweshwe mtoto, hata kijiko kimoja. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika katika jarida la The Lancet habari za watoto wachanga waliopewa mafuta hayo kwa maradhi madogo madogo: walitapika, wakasinzia, wakapata degedege, na ubongo na ini vikaharibika. Wengine walikufa.

Mama mjamzito asinywe mwarobaini wa aina yoyote, maana waweza kuharibu mimba. Anayetafuta mtoto naye aache. Mwenye kisukari anayetumia vidonge au sindano ajihadhari, kwani mti huu hushusha sukari, na sukari ikishuka mno mtu huzimia.

Na mkija hospitali, semeni mlichompa mgonjwa: majani, mizizi au mafuta, kiasi gani na tangu lini. Najua wamama wengine huficha kwa kuogopa kugombezwa na sisi wauguzi, na kweli wapo wanaogomba. Semeni tu. Mtoto aliyesinzia kwa malaria na aliyesinzia kwa mafuta wanafanana kitandani, lakini matibabu yao si yale yale.