Amsha V8 Yako: Vidokezo 6 vya Taimingi

Camaro au Mustang yako ya miaka ya 1960 inajikokota ukikanyaga mafuta? Usikimbilie kabureta mpya! Anza na taimingi, yaani plagi hutoa cheche digrii ngapi kabla pistoni haijafika juu. Ni kazi ya asubuhi moja, na utaiweza.

1. Kontakti kwanza, taa baadaye
Distribyuta bado ni ya kontakti? Rekebisha uwazi wake kabla ya yote. Uwazi ukibadilika, taimingi nayo huhama, na kazi utairudia.

2. Namba moja iko wapi?
Klipu ya taa ya taimingi hubanwa kwenye waya wa silinda namba moja. Kwenye V8 ya Chevrolet 350 ni ya mbele, upande wa dereva. Ford 289 ni ya mbele pia, ila upande wa abiria.

3. Ziba vakyumu
Chomoa mpira wa vakyumu kwenye distribyuta, uuzibe kwa bolti ndogo. Ukiuacha, huenda ukasoma digrii zisizo zako.

4. Jitengenezee alama ya 36
Hapa ndipo penye utamu. Wengi hupima injini ikinguruma taratibu tu, wakaridhika. Lakini nani alinunua V8 akae nayo imesimama? Ndani ya distribyuta mna vyuma viwili vyenye springi. Kasi ikipanda hutanuka na kuwahisha cheche. Jumla ya digrii hizo na zile za injini ikinguruma taratibu ndiyo inayoleta nguvu, na Chevrolet 350 nyingi hupenda digrii 34 hadi 36. Kibao cha digrii cha kiwandani, kilicho kando ya puli ya kranki, hakifiki huko, basi pima mzingo wa puli hiyo kwa utepe, gawanya kwa kumi: hizo ni digrii 36 kamili! Toka kwenye alama ya zamani ya puli, pima urefu huo kuelekea upande puli inakozungukia, kisha paka rangi nyeupe. Mulika puli kwa taa ya taimingi, pandisha kasi hadi alama iache kusogea, kwa kawaida karibu na mizunguko 3,000 kwa dakika, huku mikono na nguo zikiwa mbali na feni. Rangi yako inatazama sifuri ya kibao? Umefika. Bado? Legeza distribyuta, igeuze kinyume cha rota kuwahisha, au kufuata rota kuchelewesha.

5. Usiiamini puli kuukuu
Puli nyingi za V8 hizi zina ringi ya nje iliyoshikwa kwa mpira. Mpira ukichoka, ringi huteleza na alama hudanganya. Hakikisha pistoni namba moja iko juu kweli alama inaposoma sifuri.

6. Ipeleke mlimani
Rudisha vakyumu, bana bolti ya distribyuta kiasi, tafuta mlima, kanyaga. Ukisikia injini inagonga, punguza digrii mbili, maana kugonga huweza kutoboa pistoni. Ikipanda kimya na kwa nguvu, kaza bolti ya distribyuta kabisa, kisha chomoa na uzibe vakyumu upime tena: kukaza kwenyewe huweza kuigeuza kidogo.