Kadi za Mwaliko wa Harusi na Gharama Zake

Somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni kadi ya mwaliko wa harusi. Sisi hatulioni dogo, kwa sababu gharama yake ndiyo inayomfanya mwenye harusi ahesabu watu. Kadi ikiwa ghali, mtu wa Kinondo hupigisha chapa 100, akawapelekea wakubwa wa Diani na jamaa wa Mombasa. Zikiisha, jirani yake mvuvi, ambaye milango yao yatazamana, hungoja kuitwa asiitwe. Hili ndilo lililokemewa katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kuwa chakula kiovu ni cha walima unaoitiwa matajiri na maskini wakaachwa.

Mtume (s.a.w.) alipomuoa Bibi Zaynab bint Jahsh alimtuma kijana Anas bin Malik kwa miguu yake, akamtajia baadhi ya watu kwa majina, kisha akamwamuru amwite na kila atakayekutana naye. Walikuja watu wapatao 300. Mwaliko ulikuwa ni ulimi na miguu tu.

Hatusemi kuwa kadi ni haramu. Jamaa aliye mbali huhitaji kujua siku na saa, na kadi humtunzia. Lakini mwenye matbaa hadai bei ya wino na karatasi peke yake. Hudai pia kukata, kukunja, kutia utepe na kufunga bahasha. Basi mlipe kwa lile usiloliweza, nalo ni kupiga chapa maneno, kwa wino wa rangi moja. Mengine yafanywe nyumbani.

Karatasi nene ya gramu 200 kwa mita ya mraba yafaa. Ile ya A4 ni milimita 210 kwa 297; ikikatwa kati kwa upana hutoa vipande viwili, na kila kimoja kikikunjwa huwa kadi ya milimita 105 kwa 148, iingiayo katika bahasha ya C6 bila kubanwa. Kadi 150 zataka karatasi 75, na 5 za kuharibika. Mwambie mpiga chapa aweke kadi mbili katika karatasi moja.

Kukunja ndiko kunakowashinda wengi. Karatasi ina nyuzi zilizolala upande mmoja, kama ubao. Kabla ya kununua, ipinde polepole kingo zake ndefu zielekeane. Ikipindika kwa wepesi, nunua. Ikikataa, tafuta nyingine, ama sivyo mkunjo utapasuka. Nyumbani weka rula, upitishe mgongo wa kisu mara moja bila kukata, ndipo ukunje, na ulaze mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Utepe wa dukani hauna haja. Ukili mwembamba uliosukwa na mama zetu wa Kidigo hufunga kadi vizuri, na tukiulizwa sisi, hupendeza zaidi. Shangazi, mawifi na wasichana wakiketi pamoja baada ya Isha, kazi ya kadi 150 haiwashindi.

Ama kuandika juu ya kadi aya ya 21 ya Suratur Rum, kama ilivyo desturi, aula ni kuiacha. Aya ni tukufu, na kadi baada ya siku tatu huonekana jalalani, ikikanyagwa na kuku. Yatosha majina ya wazazi na maarusi, siku, msikiti, na sala ambayo nikahi itafuata.

Kadi hizo wapewe wa mbali: wa Msambweni, wa Likoni, na wa ng'ambo ya feri. Wa Kinondo waitwe kwa ulimi. Kijana atakayetumwa apewe orodha ya nyumba, si ya majina, aanzie zile za upande wa msitu wa Kaya, na kila mlango autie alama akishabisha hodi.