SOMO: CHUMA KILICHOJIFICHA NDANI YA JICHO

Tuseme mtu anapiga patasi kwa nyundo. Kipande kidogo cha chuma kinaruka, naye anasikia kama mchanga umemwingia jichoni. Machozi yanatoka, kisha maumivu yanapungua. Kesho yake anaona vizuri, basi anasema, "Nimepona." Lakini chuma kingali ndani. Kitashika kutu na kuharibu jicho polepole, hata asione tena. Au wadudu wa ugonjwa walioingia pamoja nacho wataleta usaha, na jicho litapotea kwa siku chache tu.

Mganga akitazama kwa taa, pengine haoni kitu, kwa kuwa damu imefunika, au kidonda ni kidogo sana nacho kimejifunga. Ndipo mashine iitwayo skaneri inasaidia. Inazunguka kichwa cha mgonjwa na kupitisha miali isiyoonekana, ile ile ya picha za mifupa. Kompyuta inakusanya habari zote na kuonyesha jicho vipande vipande, kama mkate uliokatwa vyembamba. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya namna hii London mwaka 1971. Picha inaonyesha chuma kilipo, hata kikiwa kidogo sana, na kama mfupa wa tundu la jicho umevunjika. Haiumi, mgonjwa alale kimya tu.

Lakini skaneri haionyeshi yote. Kipande cha mti chaweza kufanana na hewa katika picha, na jicho lililopasuka pengine laonekana zima. Tena iko mashine nyingine itumiayo sumaku yenye nguvu. Hiyo isitumiwe kama chuma kinaweza kuwa ndani, maana sumaku yaweza kukivuta na kulirarua jicho. Kwa hiyo mwambie mganga kweli: ulifanya kazi gani, kitu gani kilikupiga, saa gani. Usifiche, hata kama ulipigwa katika ugomvi.

Jicho likichomwa au likipigwa, fanya hivi:

1. Usilisugue wala kulibonyeza.
2. Usichomoe kitu kilichokwama ndani.
3. Usitie maji ya majani, maziwa ya mama, wala dawa yo yote.
4. Lifunike kwa kikombe chepesi. Ukingo wake ukae juu ya mfupa, usiguse jicho.
5. Nenda hospitali siku ile ile. Ikiwa haina skaneri, picha ya kawaida pia yaweza kuonyesha chuma, na mganga atakuambia pa kwenda.

Mwenye kupiga chuma au mawe avae miwani ya kazi. Miwani hupatikana tena, jicho halipatikani.

MASWALI

1. Kwa nini jicho lisilouma tena laweza kuwa katika hatari?
2. Kwa nini ni lazima tumwambie mganga kitu kilichotupiga?
3. Je, nyumbani kwako ni dawa gani watu hutia jichoni? Utawaambia nini sasa?