SOMO LA MADEREVA: TAIRI LA MASHINDANO NA TAIRI LA KAZI



Dereva akifika Kisekka au Katwe kununua tairi, swali lake la kwanza ni hili: lipi ni bora? Wengine hudhani ni lile la magari ya mashindano, pana na lenye jina kubwa. Sisi tunasema hakuna tairi lililo bora kwa kila kazi. Tairi bora ni lile lililotengenezwa kwa kazi unayoifanya na kwa mzigo unaoubeba. Somo la leo linaeleza kwa nini.

1. Tairi la mashindano

Tairi hili hutengenezwa kwa mpira laini. Likipata moto hushika njia kwa nguvu, na gari hupita kona kwa kasi bila kuteleza. Lakini ulaini huo una hasara zake. Kwanza, huisha upesi. Pili, likiwa baridi halishiki vizuri. Tatu, mifereji yake ni michache na haina kina, hivyo haiwezi kuyatoa maji yote. Mvua za Machi hadi Mei, au za Septemba hadi Novemba, zikifurika barabarani, tairi huelea juu ya maji, na hapo usukani na breki havisaidii kitu.

Mkimbiaji wa mashindano hategemei seti moja. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyashinda mara tano: mwaka 1973, kisha kila mwaka kuanzia 1979 hadi 1982. Katika mashindano kama hayo mafundi huwangoja madereva njiani wakiwa na matairi mengine. Dereva wa kamunye hana fundi anayemngoja Lugazi. Seti yake ni moja, kwa lami, vumbi, mashimo na mvua.

Je, mwanachama anayekimbiza gari lake dogo Busiika siku ya mapumziko, na kesho yake analipeleka kazini? Akiwa na uwezo, awe na seti mbili, abadilishe hukohuko uwanjani. Akiwa na seti moja tu, achague tairi la barabarani. Matairi mengi ya magari madogo yana neno TREADWEAR na namba. Penye 200 au chini mpira ni laini na huisha mapema. Penye 400 hudumu zaidi.

2. Soma ubavu wa tairi

Uzito. Tuchukue tairi lenye namba 91. Maana yake linabeba kilo 615, si zaidi. Manne yanabeba kilo 2,460. Sasa tupige hesabu ya kamunye. Likiwa tupu lina zaidi ya kilo 1,500. Ongeza abiria 14 na dereva, kila mtu kilo 70: kilo 1,050. Jumla imepita 2,550 kabla ya kupakia gunia hata moja! Tairi la gari dogo, hata likiwa jipya na la bei kubwa, litapata moto kupita kiasi na kupasuka. Gari hilo linahitaji tairi lenye herufi C mwishoni mwa kipimo, mfano 195 R14 C, lenye namba ya uzito 106, yaani kilo 950 kila moja.

Kasi. Herufi inayofuata namba hiyo ni ya kasi. Q ni kilomita 160 kwa saa, S ni 180, H ni 210, W ni 270. Usishuke chini ya herufi aliyoagiza mtengenezaji wa gari. Lakini barabara kuu mpya ya Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018, inaruhusu kilomita 100. Anayelipia W kwa safari hiyo ananunua kasi asiyoweza kuitumia.

Umri. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mitumba laweza kuwa na meno marefu huku mpira wake umezeeka na kupasukapasuka.

Meno. Ndani ya mifereji mna vinundu vya milimita 1.6. Meno yakiwa sawa na vinundu, tairi limekwisha. Usikubali tairi lililochongwa mifereji upya kwa kisu cha moto: fundi hakuongeza mpira, amepunguza ule uliobaki juu ya nyuzi.

3. Nani anunue?

Mara nyingi mwenye gari ndiye anayechagua tairi, lakini likipasuka, dereva ndiye aliyeshika usukani, na ndiye anayeulizwa na polisi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Kwa hiyo tudai mambo ya tairi yaandikwe katika mapatano ya kazi: kipimo, namba ya uzito, na siku ya kukagua. Dereva naye apime upepo asubuhi kabla tairi halijapata moto.

Maswali ya kujadili tawini

1. Tairi za gari lako zina namba gani ya uzito? Piga hesabu ya mzigo wako.
2. Zilitengenezwa wiki gani, mwaka gani?
3. Mapatano yako yanasema nani atanunua tairi, na lini?

Atakayekuta hesabu haitoshi asinyamaze. Alete jambo hilo tawini, tumwendee mwenye gari pamoja.

Umoja ni nguvu.